Kusoma na Maji Mdomoni

Kitabu kilinifikia kimefungwa ndani ya blanketi la jeshi, pamoja na vipande vya sabuni na kopo la majani ya chai ambalo mama mkwe alilificha kabla jirani hajaliona. Kililetwa na askari aliyekuwa likizo. Alishuka basi Tarime, akatembea na mzigo wetu mpaka Nyambureti, na alipofika alikuwa hoi, hata salamu aliitikia kwa kichwa. Vitu vingine alimpa mama mkwe. Kitabu alinipa mimi, mkononi. "Mumeo amesema hiki ni chako," akaniambia. "Amesema wewe ndiye msomaji wa nyumba ile."

Nilijisikia mkubwa siku hiyo, sitaki kusema uongo. Nilikuwa mke mgeni bado. Nilizaliwa karibu na Tarime, nikasoma kwa wamisionari mpaka darasa la nne, halafu baba akaona inatosha. Mume wangu alikuja likizo, akaoa, na kabla sijajua ng'ombe yupi wa mama mkwe anapiga teke, alikuwa amesharudi jeshini. Kutoka huko wakapelekwa ng'ambo, kupigana msituni katika nchi inayoitwa Malaya. Sasa fikiria mimi, mke mpya, nimesimama mtoni na mtungi, naulizwa mume yuko wapi, na lazima nijibu. Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Basi usimngoje, dada," mmoja akaniambia, "huko hawarudi mapema." Nilimjibu kitu ambacho siwezi kukiandika hapa. Nilikuwa na ulimi, na bado ninao.

Lakini nikishatua mtungi nyumbani, kicheko kilikuwa kimeisha. Mama mkwe alikuwa mjane, na mume wangu ndiye mtoto wake pekee aliyebaki hai. Asiporudi, nyumba ile ilikuwa imekwisha. Mimi ningepewa mwanaume mwingine wa ukoo nimzalie marehemu watoto, kama alivyofanyiwa shangazi yangu, na shangazi yangu sikuwahi kumwona akicheka. Kwa hiyo sisi wanawake wawili tulikuwa na kazi moja kubwa kuliko kulima, nayo ilikuwa kungoja.

Jioni ile mama mkwe alikishika kitabu, akakinusa, akakigeuza. Kwenye jalada palichorwa chombo cha chuma, mfano wa mtungi mkubwa uliolazwa, kinapita katikati ya nyota. Ilikuwa hadithi ya zamani ya Wazungu, iliyofupishwa na kutiwa Kiswahili.

"Ndani mna nini?" akaniuliza.

"Safari, mama. Watu wanakwenda kwenye nyota."

"Walikwenda kweli?"

"Hapana. Mtu amebuni."

Akakiweka chini taratibu. "Basi ni hadithi," akasema. "Haifunguliwi mchana."

Nilijua anachosema, hata nyumbani kwetu tulilelewa hivyo. Hadithi ni ya usiku. Ukiisimulia jua likiwaka, aliye safarini hupotewa na njia ya kurudi. Biblia ilisomwa mchana na tangazo la bwana shauri lilisomwa mchana, maana hizo ni habari. Kitu cha kubuni, hapana. Kule misheni walitufundisha kuyacheka mambo hayo, nasi tuliyacheka tukiwa darasani. Ila mimi sasa nilikuwa na mtu safarini, na mtu mwenye mtu safarini hachezi na maneno kama hayo.

Shida ilikuwa taa. Koroboi ilikula mafuta, na mafuta yalipatikana Kenyamonta kwa mwenye duka mmoja, siku akiwa nayo. Nilisoma kurasa chache za mwanzo kwa moshi ule, macho yakaniwasha mpaka asubuhi, mafuta yakaisha. Nikanuna. Mama mkwe alinitazama ninavyonuna, akafikiri, maana na yeye alishaonja mwanzo wa hadithi akataka kujua mbele.

"Macho hayasimulii," akasema mwishowe. "Kinachosimulia ni mdomo. Soma kwa macho mchana, uweke tumboni. Jua likizama utatoa."

Ilikuwa hukumu nzuri, tatizo ni kwamba sikujua kusoma kwa macho tu. Kwa wamisionari tulisoma darasa zima kwa sauti, mwalimu anapiga fimbo mezani, sisi tunafuata. Sikujua kuna kusoma kwingine. Siku ya kwanza nilikaa nyuma ya ghala nikafungua kitabu, na haukupita muda mama mkwe akatokea na kata ya maji. Kumbe nilikuwa nanong'ona. "Jaza mdomo," akasema. "Usimeze mpaka ufunge kitabu." Nikajaza. Ndivyo nilivyojifunza kusoma kimya, mashavu yamevimba, kuku wananishangaa.

Mtu asiyewahi kusoma hivyo hajui hofu ya kitabu. Ukisoma kwa sauti, maneno ya kutisha yanatoka, yanakwenda zake, na wenzako wanayasikia mnagawana. Ukisoma na maji mdomoni hayana pa kutokea. Nilikuwa nainuka pale nyuma ya ghala na hofu imenijaa, nakwenda kusaga wimbi, nakwenda kuni, narudi, hofu ni ileile, na siruhusiwi kuisema mpaka giza. Mchana ulikuwa mrefu jamani.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Daktari mmoja mzee anaunda chombo, anaingia na wanaume wachache, wanafunga mlango kwa ndani, wanarushwa juu. Wanafika kwenye dunia nyingine yenye majua mawili. Moja likizama, lingine linachomoza. Usiku hakuna. Mwanzoni wanafurahi, wanaokota mawe yanayong'aa. Halafu wanaona kwamba kila mtu akisinzia anaamka amesahau kitu cha nyumbani. Mmoja anasahau mbwa wake. Mwingine anasahau nyumba yake iko mtaa gani. Wanataniana. Kisha mpishi anasahau jina la mkewe, na utani unakwisha.

Jioni, moto ukishawaka, mama mkwe alisema, "Haya, toa," nami nikatoa. Alikuwa msikilizaji msumbufu. Aliuliza ng'ombe wao wamewaachia nani. Aliuliza kama daktari mzee hana watoto wa kumkataza. Na niliposema kule hakuna usiku, aliacha kukoroga ugali. "Kusipokuwa na usiku, hadithi wanasimuliana saa ngapi?" Nikamwambia kitabu hakisemi. "Ndiyo maana wanasahau," akasema, akaendelea kukoroga. Sikumbishia, kwa sababu niliona ana haki.

Alichokuwa anafikiria nilikijua bila kuambiwa. Mwanawe naye yuko nchi tusiyoijua jua lake linachomoza saa ngapi. Na mimi nilikuwa na langu la pembeni, ambalo sikumwambia. Yeye alikuwa mama yake tangu azaliwe. Mimi nilikuwa mke wa likizo moja. Kama kusahau kunaanza na vitu vidogo, nani wa kwanza kuachwa?

Humo kitabuni alikuwemo kijana fundi wa mitambo. Huyo nilimpenda. Alipoona wenzake wanasahau, alichukua kamba akaifunga mafundo, kila fundo mtu mmoja wa kwao. Fundo la mama, la mke, la rafiki. Akaivaa shingoni, na kila akiamka anayapapasa na kutaja. Mama mkwe alimsifu sana. Alisema huyo amelelewa.

Siku ile mbaya jua lilikuwa utosini. Mama mkwe alikuwa akipepeta wimbi karibu yangu, mimi nimeegemea ghala na maji yangu mdomoni. Nikafika pale yule kijana anaporudi kwenye chombo na mzigo wa mawe, mzigo unalegea njiani, anatafuta cha kufungia. Anaiona ile kamba shingoni mwake. Anashangaa nani ameifunga ovyo hivi. Anakaa kwenye jiwe, anayafungua mafundo moja baada ya jingine, hana haraka, anapiga mluzi. Fundo la mama yake lilikuwa limekaza. Akalifungua kwa meno.

Maji yalinitoka yote juu ya ukurasa. "Amelifungua," nikasema. "Mama, amelifungua la mama yake."

"Nani?" Ungo ulikuwa umesimama hewani. "Yule fundi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mluzi, jiwe, meno, nalia huku nasema, na yeye anauliza, "Halafu? Halafu?" Nikafika pale nilipoishia kusoma. Kisha yeye akainua uso, akalitazama jua, na mimi nikalitazama. Wimbi lilikuwa limemwagika miguuni pake.

"Tumefanya nini," akasema. Hakusema umefanya. Mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Nikajaribu usomi. Nikasema mama, hii ni karatasi, karatasi haiwezi kufunga njia ya mtu. Alinisikiliza vizuri. Akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki," akaanza kuokota wimbi punje kwa punje pamoja na vumbi lake. Kitabu alikitia ndani ya chungu, akakifunika na kukipandisha darini. Aliniambia nisiusome mwisho, maana mwisho ukisomwa ndio umekwisha, usiposomwa bado mtu anaweza kuwa njiani.

Tuligombana kwa jambo hilo. Mimi nilitaka kujua, yeye hakutaka. Nilimwambia asiyejua ndiye anayeogopa zaidi, akaniambia niende nikaogope shambani, kuna magugu. Lakini alfajiri nilimkuta anafagia njia. Si uwanja, njia yenyewe, ile inayopanda kutoka mtoni, anaondoa majani na mawe, amejipinda na mgongo wake mbovu. Hakuniambia kwa nini na sikumuuliza. Siku iliyofuata nilichukua ufagio wa pili.

Mchana nilikuwa msomi wa darasa la nne. Giza likiingia nilikuwa mtoto wa kwetu, na nilikuwa naogopa kila kitu. Niliogopa mbwa akibweka kuelekea njiani, na asipobweka nikaogopa zaidi. Kila mgeni aliyeingia uwanjani nilimtazama mdomo kabla hajasema, kwa sababu habari za msiba zinaanza kwa mtu kulamba midomo. Mama mkwe alipunguza kula. Nilipika, akasukuma sahani kwangu, akasema nile mimi mwenye mwili.

Askari wakaanza kurudi. Tulisikia wa Kenyamonta mmoja amefika, tukaondoka sisi wawili asubuhi tumfuate, mama mkwe mbele na mkongojo. Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha kukunja na watu wamemzunguka. Mama mkwe akapenya, hakungoja zamu.

"Shikamoo, mama," yule askari akainuka kumpisha.

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

Akalamba midomo. Mimi nikashika mkono wa mwanamke aliyekuwa karibu, simjui hata ni nani.

"Yupo, mama. Yuko hai. Tulimwacha hospitali ya jeshi. Alishikwa na homa ikampanda kichwani, akalala muda mrefu hajitambui. Nilipokwenda kumuaga alikuwa anakula mwenyewe."

"Anaongea?"

"Kidogo."

"Anatutaja?"

Yule askari alitazama viatu vyake. "Sikumsikia, mama. Mimi mwenyewe aliniuliza ninatoka wapi, na tulikula sahani moja tangu mafunzo."

Tukashika njia ya kurudi. Nilimtangulia mama mkwe, kisha nikaona si adabu nikamngoja, na alipofika aliniegemea begani, kitu ambacho hajawahi kufanya. Alikuwa mwepesi. Nikajua huyu mama akikaa hivi hafiki mavuno.

Kesho yake alipokwenda kuchunga ndama nilipanda darini nikatoa kitabu. Sikujaza maji. Nilikaa ndani gizani karibu na mlango, nikasoma kimya, midomo imefungwa yenyewe. Zilibaki kurasa chache. Chombo kinarudi, wanashuka wachache. Fundi anapelekwa mpaka kwao na watu wanaosoma anwani yake kwenye karatasi. Anasimama mlangoni. Mwanamke anatoka. Fundi anamsalimu vizuri, kama mtu anavyomsalimu mwenye nyumba asiyemfahamu, anaomba maji ya kunywa. Mwanamke anamtazama, anaingia ndani, anamletea maji. Hamwambii yeye ni nani. Anasimama kumtazama anavyokunywa, na kitabu kinaishia hapo.

Nilikifunga nikakaa. Nilimchukia aliyekiandika, Mungu anisamehe. Nilimchukia na yule mwanamke pia. Mtu umengoja miaka, mumeo amesimama mbele yako, unampa maji unanyamaza? Ningekuwa mimi.

Jioni moto ulipowaka sikungoja kuambiwa toa. Nikamwambia mama mkwe nimeusoma mwisho. Alishika magoti yake. Hapo ndipo nilipoamua kuubadili. Nikamwambia kijana alirudi. Nikamwambia alifika uwanjani kwao amesahau kila kitu, amesimama tu, mara akamsikia mama yake akikohoa ndani ya nyumba. Kikohozi hicho kikamfungua. Akakumbuka mama, akakumbuka mbwa, njia ya mtoni, jirani wa juu na jirani wa chini. Nikaongeza na ng'ombe, kila mmoja na rangi yake, maana nilijua ndiko anakopenda. Wazungu wale hawakuwa na ng'ombe hata mmoja kitabuni, nikawapa zizi zima.

"Alimkumbuka mama yake," akasema.

"Wa kwanza kabisa."

"Na sasa ni usiku," akasema, akageuka kuutazama mlango kuhakikisha. "Umeisimulia usiku."

"Usiku, mama."

Akacheka. Alivuta sahani akala, na kesho yake akala tena. Mimi nilifurahi, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza ule mdomo wangu umefanya kazi ya maana.

Alikuja mchana, wakati wa kuanika. Nilikuwa natandaza wimbi juu ya ngozi nikasikia mbwa akikimbia bila kubweka. Nikainua macho. Alikuwa amesimama penye kuingilia uwanja, amevaa koti la jeshi lililomzidi, shingo imebaki mifupa. Njia ilikuwa imefagiliwa nyuma yake. Nikafuta vumbi la wimbi mikononi.

"Habari za hapa," akasema. Sauti ilikuwa yake. "Naomba maji ya kunywa."

Nilikwenda kuchota, kata ikigonga mtungi, na nilipomletea nusu ilikuwa imemwagikia nguo yangu. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa. Nikasimama namtazama anavyokunywa. Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima, na halikutoka hata moja.

Ndipo mama mkwe akatoka ndani, na kabla hajafungua mdomo mume wangu akaangusha kata. "Mama," akasema. Alimkumbatia yule bibi mpaka mkongojo ukaanguka. Alilia. Akauliza mgongo wake unaendeleaje. Akauliza kama ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe amezaa, akauliza kama yule mweusi mkorofi bado anapiga teke, akamwita mbwa kwa jina lake. Akauliza jirani wa juu na jirani wa chini. Mama mkwe alikuwa anajibu huku ananiangalia, uso umejaa furaha, anataka nami nifurahi.

Kisha mwanawe akageuka. Alinitazama kwa adabu.

"Na huyu dada ni nani, mama? Umepata wa kukusaidia? Afadhali."

Mama mkwe alicheka, akadhani ni utani wa kijeshi. "Huyu si mkeo? Ulimwoa mwenyewe, ukatoa ng'ombe." Na yeye akacheka, akadhani mama anamtania. Wakacheka wote wawili, halafu wakaacha, mmoja baada ya mwingine.

Nilirudia kichwani kile nilichosimulia. Mama nilimtia. Mbwa nilimtia, ng'ombe, njia, mpaka majirani ambao hata siwapendi. Mke sikumtia. Kitabuni alikuwepo, ndiye aliyetoka mlangoni, ndiye aliyetoa maji. Nilimwondoa mimi, kwa sababu sehemu yake ndiyo iliyokuwa inatisha.

Nilimwambia. Nilisema mimi ni mke wako, nikamwambia siku aliyokuja kwetu, shati alilovaa, alichomjibu baba yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Akasema, "Pole sana, mama," kama unavyompa pole mtu uliyekutana naye njiani. Usiku ule alilala nyumba ya mama yake.

Alinikubali baadaye, taratibu, kwa sababu mama yake alisema na ng'ombe wa mahari kweli walikuwa wametoka zizini. Alikuwa mume mzuri. Tulizaa, tukalima, tukazeeka, nikamzika. Wakati mwingine alisema jambo la siku zile za likizo, neno nililomwambia yeye peke yake, nami moyo ulinienda mbio, kisha nikakumbuka kwamba huenda nilimsimulia mwenyewe. Ningeweza kumuuliza. Mimi huyu mwenye ulimi, niliyewajibu wanawake wa mtoni, sikuthubutu hata mara moja kumuuliza kama alinikumbuka au alinizoea tu.